Barua kwa mwanangu: Filimbi ya Jumamosi

Lubumbashi, Kongo, Komini ya Kenya

Papa yangu,

Tangu Jumapili uliponipigia simu, neno lako moja limenikaa kifuani. Ulisema kocha ni mchezaji aliyekufa, ila bado anatembea. Nilinyamaza kwa sababu nilisikia sauti yako imejaa machozi. Leo wateja wamekwisha, mashine ya kushonea nimeifunika, nakujibu.

Goti lako nalijua. Daktari amekukataza kucheza raga na una miaka 24 tu. Sitakuambia ni jambo dogo. Mimi ndiye niliyekuwa nikifua zile soksi zako zilizoganda matope. Lakini klabu yako imekuomba uwafundishe watoto kila Jumamosi, na wewe umekataa kana kwamba umetukanwa. Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Yule Rassie Erasmus, kocha wa raga wa Afrika Kusini, si wewe uliyenifundisha jina lake? Mtoto wa Despatch, mji mdogo jirani na Port Elizabeth (siku hizi Gqeberha), amezaliwa 1972. Aliichezea Springboks, timu ya taifa ya huko, mechi 36, kuanzia 1997 hadi 2001, kisha mwili ukamkatalia. Kombe la Dunia la 1999 walimaliza wa tatu, kwa hiyo kama mchezaji kombe lile hakulibeba. Alikuwa na miaka thelathini na kidogo alipopewa timu ya jimbo la Free State aifundishe, na mwaka 2005 wakachukua Currie Cup, kombe la majimbo ambalo hawakuwa wamelishinda tangu 1976. Ulinisimulia jinsi alivyokuwa anakaa juu kabisa uwanjani na taa za rangi, anawawashia wachezaji ishara wajue la kufanya. Wewe ulicheka. Mimi sikucheka, maana nilimwona mtu ambaye miguu yake haiwezi tena kuingia uwanjani na bado anatafuta njia ya kuwafikia walio ndani.

Hayo nimeyapitia mimi mwenyewe. Unakumbuka mwaka ule macho yangu yalipoingia ukungu, sindano sikuiona tena? Nilimchukua yule binti wa Katuba nimfundishe. Kila alipokosea kidogo nilimpokonya mkasi, nikamaliza kazi kwa mikono yangu. Miezi mitatu ikapita, binti hajui kitu. Siku moja nilijilazimisha, nikakalia mikono yangu hivi, chini ya mapaja, nikamtazama anavyotia mkono wa blauzi. Alipofika kwapani alikwama, akaniuliza: «Mama, hapa nageuza vipi?» Papa, nilikosa jibu. Miaka ishirini mkono wangu unageuza kitambaa pale, lakini mdomo wangu haukuwahi kuulizwa. Usiku ule sikulala. Niliwasha taa, nikashona pole pole, na kila hatua nikaisema kwa sauti mpaka nikapata maneno. Ilikuwa kama kujifunza kushona mara ya pili, na mara hii ndiyo iliyokuwa ngumu zaidi.

Ndiyo maana sikubali ukiniambia kazi ya kocha ni mabaki. Wewe unajua kumkamata mtu kiunoni anapokuja mbio. Je, unaweza kumwambia mtoto wa miaka kumi na mbili aweke wapi kichwa chake ili shingo isiumie? Hiyo ni kazi nyingine kabisa, na bado hujaijua.

Rassie alipoichukua timu ya taifa mwaka 2018, walikuwa wametoka kupigwa 57-0 na New Zealand mwaka uliotangulia. Akampa unahodha Siya Kolisi, mtoto wa mtaa wa Zwide, mweusi wa kwanza kuwa nahodha wa Springboks katika mechi ya kimataifa. Siku ya kwanza ya Kolisi, pale Ellis Park, Uingereza waliongoza 24-3. Mechi ikaisha 42-39, wameshinda wetu. (Nasema wetu kwa sababu yako, uliye huko.) Mwaka uliofuata, kule Japani, walifungwa mechi ya kwanza na New Zealand, na bado wakafika fainali na kuwapiga Uingereza 32-12.

Kuna jambo moja sikumpenda. Mwaka 2021 alirekodi video ya zaidi ya saa nzima kumlaumu refa, akafungiwa. Watoto watakaposhindwa na wewe una hasira, meza mate kwanza.

Kombe la 2023 hukunisimulia, nililiona. Umeme ulikatika, tukahamia kwa jirani mwenye jenereta. Robo fainali, 29-28. Nusu fainali, 16-15. Fainali, 12-11. Pointi moja, mara tatu! Nilikuwa nakuangalia wewe, ulivyokuja likizo, umesimama nyuma ya kiti na huwezi kukaa. Safari ile Rassie alikuwa mkurugenzi, kocha mkuu alikuwa rafiki yake Jacques Nienaber, ambaye alianza kazi kama fiziotherapisti, mtu wa kutibu viungo na misuli. Alitokea kwenye magoti kama hilo lako, akafika kombe la dunia.

Sasa sikiliza. Nimempa dereva wa basi la Johannesburg mfuko wako, ataupitisha mpakani Kasumbalesa Alhamisi. Ndani kuna karanga, samaki wakavu, na koti la bluu. Koti amelishona binti wa Katuba, tangu kukata mpaka vifungo. Mimi nilikaa karibu yake tu. Upande wa kushoto, ndani, nilimwomba atie mfuko mdogo wa filimbi. Uingize kidole uone kama unatosha, na unipigie Jumamosi ukishatoka kwa watoto, hata kama umechoka.

Mama yako