Vitu vya ndani kwako: viandike ukiwa bado unaviona

Haipiti wiki dukani kwetu bila kuingia mtu na risiti nyeupe. Anaiweka kaunta, anasema, "Naomba kopi mbili," nami naigeuza upande huu na upande ule, nainua juu kwenye mwanga, natafuta maandishi. Ilikuwa risiti ya friji, au ya televisheni, au ya cherehani. Karatasi za mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi dukani, hazichapwi kwa wino. Zimepakwa dawa inayobadilika rangi ikipata joto la mashine, na zikikaa muda mrefu kwenye mwanga, au zikigusana na mafuta au mfuko wa plastiki, rangi ile hufifia mpaka ikaisha. Fotokopi haiwezi kurudisha kilichokwisha kufutika. Mara nyingi aliyeleta risiti hiyo ameambiwa na bima alete uthibitisho, na ndiyo huo mkononi mwake.

Sisi ni duka dogo la steshenari na picha hapa Tabora mjini. Bima hatuuzi. Tunachofanya ni kukuandalia daftari la vitu vya nyumba yako, lenye picha, namba na nakala za risiti, ili siku ukihitaji kudai uwe na cha kuonyesha. Huduma hii ilianzia kwenye familia yangu.

Mama yangu mdogo anakaa Isevya. Mwanawe aliyeko Dodoma alimbembeleza mpaka akakata bima ya vitu vya ndani, akawa analipa kila mwaka. Mwezi wa tisa moto wa umeme ukaanzia jikoni ukaingia sebuleni. Watu walitoka salama, tunamshukuru Mungu. Mkadiriaji wa hasara alipofika alikuwa na adabu, akauliza swali moja tu: "Mama, nipe orodha ya vilivyoungua." Tulikaa kwenye mkeka uani jioni tatu, mimi nikiandika, yeye akikumbuka. Televisheni, makochi, friji, jiko la gesi. Vitu vikubwa vilikuja haraka. Baadaye akawa anafumba macho, anatembea jikoni kwa mawazo, anataja sufuria moja moja kwa ukubwa wake. Tukapeleka orodha, ikafanyiwa hesabu, akasaini hati ya kukubali malipo.

Novemba maembe yakaiva. Jirani akamletea ndoo nzima, akaamka kwenda kutengeneza juisi, akasimama katikati ya jiko jipya. "Mwanangu, blenda hatukuiandika!" Wiki hiyohiyo akakumbuka pasi, na seti ya vyombo vya wageni aliyokuwa akiitoa Idi tu. Lakini ukishasaini hati ile umekubali kwamba dai limekwisha, na hakuna pa kurudi. Kilichoniuma ni kwamba vitu vile alivinunua kwa fedha yake, bima yake ameilipa miaka yote, na hakuna aliyemdhulumu. Havikuandikwa, basi.

Kuna jambo la pili ambalo wateja wengi hulijua wakiwa wamechelewa: kiasi ulichotaja wakati wa kukata bima. Watu hukisia. Anaulizwa vitu vyako vina thamani gani, anajibu milioni sita, kwa kuwa ada yake inalipika. Mikataba mingi ina sharti la wastani, yaani ukikatia bima sehemu tu ya thamani ya vitu vyako, unalipwa sehemu hiyohiyo ya hasara. Chukua mfano: vitu vyako kwa kweli ni vya shilingi 12,000,000, wewe umekatia bima ya 6,000,000. Umekatia nusu. Moto ukiteketeza vitu vya 4,000,000, unaweza kulipwa nusu ya hasara hiyo, yaani 2,000,000, kabla hata ya kutoa kile kiasi ambacho mkataba unasema utabeba mwenyewe. Mtu anafikiri, hasara yangu haijafika milioni sita, nitalipwa yote. Sivyo. Ndiyo maana orodha inafaa kufanywa kabla ya kwenda kwa wakala, ili kiasi utakachotaja kitokane na vitu vilivyomo ndani kwako.

Samani ndizo zinazowasumbua zaidi watu wa huku. Sisi hatununui vitanda vya madukani. Tunakwenda kwa fundi seremala, tunachagua mbao, tunalipa kidogo kidogo. Kitanda cha mninga futi sita kwa sita, na kabati lake, ni fedha nyingi, na risiti hakuna. Kwenye dai kinaandikwa "kitanda cha mbao", na mbao ni neno linalobeba mninga na paini pamoja. Kwa hiyo rudi kwa fundi wako angali anakukumbuka. Mwombe akuandikie karatasi yenye tarehe, aina ya mbao, vipimo na bei, aweke saini na namba yake ya simu. Kisha piga picha ya kitanda kizima, na nyingine ya karibu upande ambao haukupigwa vanishi, chini ya chaga au nyuma ya ubao wa kichwani, pale ambapo rangi na nyuzi za mti zinaonekana zenyewe. Picha hiyo moja ina uzito kuliko maelezo ya ukurasa mzima.

Vyombo vya umeme ni rahisi. Geuza nyuma, piga picha kibandiko chenye modeli na siriali namba. Simu, bonyeza *#06# uandike namba ya IMEI inayotokea, ndiyo utambulisho wa simu hiyo. Risiti ya EFD ipige picha siku ileile unayoipokea.

Mjasiriamali anayehifadhi mali chumbani, hasa ndugu zetu wa asali, naomba usome hapa vizuri. Bima ya vitu vya nyumbani kwa kawaida haihusu bidhaa za biashara. Ndoo ishirini za asali zilizopangwa chumba cha watoto zinahitaji mazungumzo yake na wakala wako. Sola iliyo juu ya paa nayo muulize kama inahesabiwa na nyumba au na vitu vya ndani. Kama umepanga, bima ya jengo ya mwenye nyumba wako haigusi godoro lako.

Daftari likikamilika tunalichapa nakala mbili na kuliweka pia kwenye simu yako. Nakala moja isilale nyumba hiyohiyo, kwa kuwa itaungua pamoja na vilivyoandikwa ndani yake. Mpe dada yako aliyeko Urambo au Nzega, au mtumie mwanao kwa barua pepe. Usilisambaze kwenye magrupu ya WhatsApp. Hiyo ni ramani ya mali yako. Sisi picha zako tunazifuta mbele yako baada ya kukukabidhi.

Likitokea la kutokea, piga 114 kwa zimamoto. Ukiibiwa, nenda polisi upate namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu chao, kisha mjulishe wakala wako mapema kadiri mkataba unavyotaka. Vilivyoungua usivitupe mpaka mkadiriaji avione, hata kama vinanuka.

Nyumba ya vyumba vitatu hutuchukua asubuhi moja. Usijisumbue kupanga nyumba kwa sababu tunakuja. Tunapiga picha vitu mahali vinapokaa. Tafuta tu funguo za makabati na masanduku, na kama mna stoo, awepo mtu anayejua kilichomo.