Mwanangu, tafuteni vyumba kabla ya magodoro

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka Helsinki, Finland. Ujumbe wako nimeusoma na kuurudia, na nimefurahi sana kusikia kwamba kikundi chenu cha vijana kimeamua kuwasaidia wanaolala kwenye mabaraza ya maduka hapo Nairobi. Unasema mnataka kukodi ghala, mnunue magodoro, watu waingie jioni na watoke alfajiri. Umeniomba ushauri kwa sababu kazi yangu huku ni kuwahudumia watu waliokosa makao. Nitakueleza ninayoyajua, halafu mtaamua wenyewe.

Hayo mnayoyapanga, mji huu uliyafanya kwa miaka mingi. Mwaka 1985 Helsinki ilikuwa na vitanda zaidi ya 2,000 vya mabweni ya kujihifadhi. Mtu akitaka nyumba ya kudumu, aliambiwa kwanza aache pombe, amalize matibabu, aonyeshe kwamba amebadilika. Sasa fikiria mtu anayekesha akiogopa kuibiwa viatu, asiye na pa kuweka hata dawa zake, halafu unamdai utulivu! Wengi walishindwa, wakazeekea humo humo bwenini.

Mwaka 2008 serikali, miji na mashirika walikubaliana kuanzia upande wa pili: apewe nyumba kwanza, hayo mengine yafuate akiwa ndani. Bweni kubwa la Jeshi la Wokovu katika mtaa wa Alppikatu lilikarabatiwa, na mwaka 2012 likawa na nyumba ndogo 81 za kupanga, kila moja na jiko lake na bafu lake. Shirika la Y-Säätiö, lililoanzishwa mwaka 1985, hununua nyumba katikati ya majengo ya watu wa kawaida na kuwapangisha waliokuwa hawana makao. Kufikia 2016, vile vitanda vya mabweni vilikuwa vimebaki 52 mji mzima.

Najua shangazi yako atauliza kwa nini walevi wapewe nyumba za bure. Mwambie si za bure. Mpangaji anatia sahihi mkataba na kulipa kodi, na mwenye kipato kidogo serikali inamwongezea ruzuku ya makazi. Akishatia sahihi, hakuna wa kumtoa asubuhi akiwa amebeba mfuko wake.

Hapa ninapofanya kazi yupo mzee mmoja ambaye alipohamia alikuwa akilala sakafuni karibu na mlango, viatu mguuni, koti mwilini, na kitanda kipo. Hakuna aliyemkemea. Kila asubuhi tulibisha hodi, tukamsalimu, tukaenda zetu. Ilipita muda mrefu, kisha siku moja akaomba shuka. Baadaye akataka mtu wa kumsindikiza kwa daktari wa meno. Siku hizi yumo kwenye kundi la wapangaji wanaofagia barabara na kuokota taka mtaani kwa ujira mdogo. Ujue majirani huwa wanaogopa nyumba kama hizi zinapofunguliwa, lakini mtu anayekusafishia njia kila wiki, ukishamzoea, unamsalimu. Mzee bado anakunywa, ingawa si kama zamani. Juzi alinipikia kahawa na kuniambia binti yake amempigia simu.

Sitaki nikupe picha ya peponi. Wapo waliohama wakarudi kule kule, wapo waliougua upweke kwa sababu marafiki wao wote walibaki nje, na wengine tumewazika. Tena mwaka 2024 idadi ya wasio na makao nchini ilipanda hadi 3,806, kutoka 3,429 mwaka uliotangulia, baada ya kushuka kwa miaka mingi. Serikali ilikuwa imepunguza ruzuku ya makazi. Inaniuma, maana wakubwa walijua kinachofaa, na bado wakakipunguzia fedha.

Kwetu mambo ni mazito zaidi. Sensa ya familia za mitaani ya mwaka 2018 ilihesabu watu 46,639 Kenya nzima, na Nairobi peke yake zaidi ya 15,000. Ruzuku ya kodi kama ya huku hatuna, kwa hiyo mkimpa mtu chumba bila njia ya kupata riziki, mwenye nyumba atafunga kufuli mwezi wa pili. Ndiyo maana nakuomba fedha za ghala mzigawe upya. Wekeni pahali padogo pa dharura, kwa mama aliyefukuzwa usiku na watoto, maana huyo hawezi kungoja mikutano yenu. Nyingine zote zitumieni kwa familia chache: diposti, kodi ya miezi ya mwanzo, jiko, sufuria, na mtaji mdogo wa karanga au mboga. Mmoja wenu awe anawatembelea, tena kwa kubisha hodi.

Jambo jingine ambalo vikundi vingi hulisahau ni kitambulisho. Aliyekulia mitaani mara nyingi hana cheti cha kuzaliwa wala nakala ya kitambulisho cha mzazi, na bila hivyo ataambiwa arudi kesho kila anapokwenda. Bila kitambulisho hasajili laini ya simu kwa jina lake, na kazi ya kuajiriwa haipati. Tafuteni mtu mvumilivu katika kikundi, kazi yake iwe hiyo moja tu: kumpeleka kwa chifu, kupanga foleni naye, kurudi naye mkikataliwa. Na kabla ya yote, waulizeni wenyewe wanataka kuishi mtaa gani. Huenda mkawatafutia chumba mbali na wateja wao na shule ya watoto, kisha mkawalaumu wakihama.

Nenda Kariobangi na Mathare na wenzako, mwulizie bei ya chumba kimoja chenye maji karibu, na diposti ni ngapi. Niletee majibu kabla ya mwisho wa mwezi. Familia ya kwanza, kodi ya miezi mitatu nitailipa mimi.

Akupendaye,
Mama