Foleni ya Kaunta Ilianzia kwenye Waya

Mtunza fedha wa duka moja la dawa za jumla hapa Tabora alitupigia saa nne asubuhi: “Jamani, nikibonyeza kuuza, mashine inalala.” Tukakuta seva kuu nzima kabisa. Na ile ya pili, inayoakisi data za ya kwanza, nayo ilikuwa inafanya kazi yake barabara. Shida ilikuwa njia kati ya seva hizo mbili.

SQL Server, programu ya Microsoft ya kutunza data, ikiakisi kwa hali ya usalama wa juu, kila muamala husubiri. Seva kuu inaandika, inapeleka logi (kumbukumbu ya kila badiliko), seva ya akiba, yaani ile ya pili, inaiandika kwenye diski yake na kujibu kwamba imepata, ndipo risiti itoke. Pale dukani logi hiyo ilipita swichi moja na kamera za ulinzi, printa na simu za vijana wa stoo. Kamera zikirusha picha, logi inapanga foleni, na mgonjwa naye anapanga foleni kaunta.

Tuliweka kadi ya netiweki ya pili kila upande na waya mmoja wa Cat6 moja kwa moja, bila swichi, usio na mpitaji mwingine. Anwani zikawa 10.10.10.1 na 10.10.10.2, nafasi ya geti (anwani ya kutokea kwenda mitandao mingine) tukaiacha tupu.

Mafundi wengi hukunja vifaa hapo. Nasi tulikunja! Kesho yake tunarudi, taa ya kadi mpya imetulia tuli, ya zamani inapepesa kama kimulimuli. Kumbe wakati wa kuunganisha tulitaja seva kwa majina yake, na majina yalikuwa bado yanaelekea kwenye anwani za zamani. Siku hizi tunaandika majina ya njia mpya kwenye faili la hosts (orodha ya majina na anwani zake) la kila seva, poti 5022, mlango unaotumiwa na uakisi, tunaiambia isikilize kwenye kadi ile tu, kisha tunaunganisha upya: seva ya akiba kwanza, kuu baadaye.

Bakapu msiache, tafadhali. Ukifuta orodha ya bei kwa bahati mbaya, inafutika kote kuwili papo hapo.

Anayeanza leo tunamshauri Always On, njia mpya ya SQL Server ya kunakili data kati ya seva, kwa kuwa Microsoft ilishatangaza tangu toleo la 2012 kwamba uakisi huu wa zamani utaondolewa. Waya ni uleule.

Kabla hatujaja, iwe mjini, Urambo au Nzega, pima umbali kati ya seva zako. Ukizidi mita 100, waya wa shaba hautufai.