Aliyenyamaza ndiye anayesumbuliwa

Mhariri,

Ile habari yenu ya kukarabati bustani za jijini imenitoa kimya cha miaka. Mlitaja viti, taa na nyasi, ila kelele hamkuzigusa kabisa.

Mimi ni karani. Saa ya chakula nikiweza huingia bustani ya Jeevanjee, upande wa barabara ya Monrovia, nikakaa tu. Sisomi, sishiki simu. Nafuatisha pumzi yangu na kutazama njiwa wakidonoa makombo ya mandazi. Juzi sijatulia hata kidogo, mhubiri akatua spika yake karibu na benchi langu, akaanza kunguruma. Nikahama. Akanifuata kwa maneno: "Mwoneni yule mama anayelikimbia Neno!" Watu wote wakageuka. Mara mpiga picha akaja kuuliza kama nataka picha, mara kijana wa njugu, kisha mama mmoja, kwa huruma kabisa, akaniuliza nimefiwa na nani. Nilipofumba macho tena, askari akanigonga bega. "Mama, hapa si pa kulala." Nikamwambia silali. "Basi unamngoja nani?" Mhariri, mwenye spika hakuulizwa lolote, na kanuni za kudhibiti kelele zipo tangu 2009! Mwanamke akiketi peke yake Nairobi hii lazima awe mgonjwa, au kafiwa, au ana miadi na mtu. Haiingii akilini mwa mtu kwamba ametaka tu kupumua.

Jioni nako matatu, muziki unatikisa vioo. Nikaomba wapunguze, makanga akanijibu ninunue gari langu. Nauli nililipa sawa na wengine.

Alibhai Mulla Jeevanjee aliwapa wakazi wa mji bustani hiyo mwaka 1906. Mwaka 1991 ilipotaka kujengwa majumba, mjukuu wake Zarina Patel akasimama kidete pamoja na wenzake, kama Wangari Maathai alivyoitetea Uhuru Park mwaka 1989. Walituhifadhia mahali pa kupumzika. Mwenye nafasi atalipa langoni Karura akatembee msituni. Sisi tulio na saa moja tu ya mapumziko tuende wapi?

Naomba kaunti itenge mabenchi kumi chini ya miti, upande huo wa Monrovia, yapeane migongo na yapakwe rangi ya kijani. Kuanzia saa sita hadi saa nane mchana spika zizimwe, na yule askari apewe kazi ya kusimamia hilo. Ikiwa rangi ndiyo kikwazo, kopo la kwanza nitalinunua mimi.

Karani,
Umoja, Nairobi