Salamu za Pasaka: Waambieni Wanafunzi, na Petro

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Kristo amefufuka, amefufuka kweli kweli! Pokeeni salamu zangu za Pasaka, ninyi mliofunga Kwaresima yote na ninyi mlioishia njiani, wazee wa kanisa, wanakwaya, vijana, watoto, na ninyi mnaoipokea sikukuu hii mkiwa kitandani.

Juma Kuu lote nimekuwa nikimfikiria Petro. Luka anasimulia kwamba Alhamisi ile, wakiwa bado mezani, mitume walianza kubishana ni nani aliye mkubwa kati yao. Yohana naye anatuonyesha Yesu akiinuka, akiweka kando mavazi yake, akijifunga kitambaa kiunoni na kutia maji bakulini. Akainama miguuni pao. Kazi ya mtumwa hiyo, na miguu yenyewe ilikuwa ya watu waliotembea vumbini. Yuda alikuwa bado hajatoka nje.

Petro akakataa: "Wewe hutaniosha miguu kamwe."

Ukisikia haraka utadhani ni heshima, na huenda ilikuwemo. Lakini mimi nasikia pia mtu asiyetaka kuonekana ana miguu michafu. Kiburi cha majivuno kila mtu anakiona. Hiki kingine kinatisha zaidi kwa sababu kinakaa ndani ya watu wema, tena wachapakazi wa kanisa. Anawaombea wote, ila yeye haombi kuombewa. Akiugua anaficha. Akisaidiwa, hatulii mpaka arudishe, asije akawa na deni la shukrani kwa mtu. Na nyumbani, akimkosea mwenzake, atanunua zawadi, atajitolea kazi ambazo si zamu yake, atachangamka kupita kiasi, lakini "nilikosea, nisamehe" haitoki mdomoni. Mtoto akimkumbusha, "Baba, jana uliniahidi," jibu linakuwa, "Unajua unaongea na nani?" Mtoto anainamisha kichwa, na ahadi imevunjwa mara mbili.

Usiku uleule Petro alisema kwamba hata wote wakichukizwa na kumwacha Yesu, yeye hatachukizwa. Kabla jogoo hajamaliza kuwika alikuwa amemkana Bwana mara tatu, akiota moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu.

Sasa sikilizeni habari njema ya asubuhi ya Jumapili. Katika Injili ya Marko, wanawake waliokwenda kaburini wanaambiwa wakawaambie wanafunzi "na Petro". Ametajwa kwa jina! Aliyejiweka juu ya wenzake akaanguka chini yao wote, ndiye anayeitwa peke yake asije akadhani hahesabiwi tena. Na ujumbe wenyewe uliletwa na wanawake, ambao mitume, asema Luka, waliyaona maneno yao kuwa upuuzi. Hata habari ya ufufuo ilibidi waipokee kutoka kwa watu waliowadharau.

Baadaye, ufuoni, kuna tena moto wa makaa. Yesu anamwuliza Petro kama anampenda kuliko hawa wengine. Angalieni jibu lake: Wewe wajua kuwa nakupenda. Basi. Ile "kuliko" ameiacha. Yesu hakumdai airudishe. Alimkabidhi kondoo wake.

Nalisema hili kwa upendo: huduma zetu nyingi bado zimejaa "kuliko". Kwaya yetu kuliko yao, sadaka yangu kuliko yake, mimi niliyekuja mapema kuliko huyu aliyepewa uongozi jana. Tunachoka, tunanuniana, halafu tunasema shetani ametuvamia. Petro alichunga kundi vizuri alipoacha kujipima na wenzake.

Kwa hiyo sikukuu hii, mwenye kawaida ya kuhudumia wengine akubali naye kuketi na kuandaliwa. Uliyemnunia tangu Kwaresima haijaanza, mpigie leo kabla ya ibada ya jioni, na usianze na maelezo. Anza na samahani. Na wewe uliyeanguka vibaya kiasi cha kuona aibu kuingia kanisani, njoo. Jina lako limetajwa.

Heri ya Pasaka kwenu nyote na jamaa zenu. Ninawaombea, nanyi niombeeni. Nahitaji sana maombi yenu.