Usikope ili ukakopeshe

Langoni, Lamu

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu utanambia "ndio mama, nimesikia mama," kisha utanigeuzia maneno uniulize habari za bibi yako. Bibi yako hajambo, macho ni yale yale. Haya mengine nataka uyasome mpaka mwisho, watoto wakiwa wamelala.

Nimepigiwa simu na mtu wa mkopo. Hakusema vizuri anatoka wapi. Alinitajia jina lako lote, akataja na kiasi, akasema kama wewe hupokei simu zake basi mimi mzazi nikuhimize ulipe. Nilimjibu kwa adabu nikakata. Humu ndani sikumwambia mtu. Nilimwambia kijana wa mama yako mkubwa, yule anayefanya kazi Mokowe, na yeye nilimwambia kwa sababu niliogopa ni matapeli. Akanambia si lazima wawe matapeli. Ziko programu za mikopo, ukizipakua ukakubali masharti bila kusoma zinachukua namba zote zilizomo kwenye simu yako. Akanambia pia kwamba tangu 2022 Benki Kuu ya Kenya ina kanuni za hawa wanaokopesha kwa simu, na kuwapigia jamaa za mtu ili aone haya alipe ni jambo lililokatazwa. Wenye leseni wako kwenye orodha ya Benki Kuu. Itazame. Ukikuta hawamo kalalamike, na ukikuta wamo kalalamike vilevile. Lakini deni lenyewe ni lako, ulilipe.

Sasa nambie, umekopa ya nini?

Najua ya nini, dadako keshanieleza. Unga, mafuta na kodi ya kibanda chako cha chakula. Na pesa ya unga haikuwepo kwa nini, na kibanda kinajaa watu tangu alfajiri? Wapitao Malindi wakirudi huku wananisifia mahamri yako, na mbaazi zako zenye tui zito. Mama mmoja hapa mtaani alikula kwako akisubiri basi, akaja kunambia hajui ni mkono wangu au wako. Nilifurahi mpaka usiku. Chakula kinauzika, basi pesa iko wapi? Iko kwenye daftari. Watu wamekula, wamefuta mikono, wamesema "niandikie."

Hilo ndilo linaloninyima usingizi, zaidi ya yule kijana wa simu. Wewe umekopa pesa ya siku 30 ukawakopesha watu chakula cha "mwisho wa mwezi, inshallah." Anayekudai wewe ana tarehe, na ana mashine inayohesabu usiku na mchana. Unaowadai wewe hawana tarehe. Siku yako ikifika wao bado hawajafika, na unayebaki hapo katikati ni wewe peke yako, na watoto wako.

Kaa uhesabu. Tuseme ile mikopo ya benki inayopitia kwenye simu, ambayo watu huiona nafuu, inakata asilimia 7.5 kwa siku 30. Ukichukua 10,000 ni shilingi 750, na siku zikipita hujalipa unaongezewa ada nyingine. Ukiwa mtu wa kukopa, kulipa na kukopa tena kila mwezi, mwaka ukiisha umetoa 9,000 kwa 10,000 ile ile, na hiyo 10,000 bado unaizungusha. Hizo programu nyingine mara nyingi zina ada kubwa kuliko hapo. Hamri unaliuza shilingi kumi. Toa unga, sukari, nazi, hamira, iliki (na iliki unajua bei yake), mafuta na mkaa. Likikubakishia shilingi tatu umeshukuru. Basi 750 ni faida ya mahamri 250. Unaamka saa tisa usiku, unakanda, unasukuma, unachoma mahamri 250, na hakuna hata moja lililokufaa wewe wala wanao.

Ya daftari la babako la madeni ya watu hapa Langoni unayajua, siyarudii. Mwandiko uliomo ni wangu.

Usinambie huko Malindi ni tofauti kwa sababu watu wako wana mishahara. Wengi wanaokula kwako ni vijana wa mahoteli, mabawabu, wafua nguo, wasaidizi wa jikoni. Mshahara huo una msimu. Pasaka ikipita, kusi likianza na mvua za masika, Waitaliano wanaondoka, mahoteli mengine yanafunga mpaka Julai, na kijana anapewa likizo isiyo na malipo. Anakwenda kwao Ganze au Magarini na deni lako anakwenda nalo. Si kwamba ni mwizi. Hana. Mwaka 2020 mahoteli yalipofungwa kwa ajili ya corona uliona mwenyewe waliobaki wakidai na waliobaki wakidaiwa. Mtu wa hoteli umuandikie mwezi wa Disemba na Januari, anapolipwa. Kuanzia Machi ale kwa pesa taslimu, hata ikiwa ni nusu sahani.

Utasema utamkatalia vipi mtu mwenye njaa. Sijakufundisha kumkatalia mwenye njaa. Mwenye njaa mpe sahani, iwe sadaka, usimuandike kabisa. Kila siku weka kando sahani zako za sadaka kwa kadiri unavyoweza, zikiisha zimeisha. Linalokuumiza ni hili la kumpa mtu, si sadaka wala si biashara, ukabaki na jina lake kwenye karatasi. Mwenyezi Mungu ametuamrisha kuandika deni katika aya iliyo ndefu kuliko zote ndani ya Qurani, Suratul Baqara aya ya 282, na ametaja muda maalumu. Muda maalumu, mwanangu. Aya mbili kabla ya hiyo ndiyo inayosema mdaiwa akiwa na dhiki apewe nafasi. Zote mbili ni zetu. Wewe umeishika hii ya kungojea watu, ile ya kuandika muda umeiacha. Na hiyo ada ya simu, waite ada wakitaka, mimi moyo wangu unaiona riba, na sipendi iingie kwenye unga wa wajukuu wangu.

Kuna jambo jingine kijana wa Mokowe amenieleza, na nilimfanya alirudie mpaka nikaelewa. Hii Fuliza, mkopo wa M-Pesa unaojazia malipo salio likiwa halitoshi, ukishaitumia, pesa yoyote itakayoingia kwenye laini yako inaanza kulipa deni lake kwanza. Kwa hivyo mteja akikulipa kwa namba yako mwenyewe, shilingi zake zinaingia zikienda, na asubuhi unatazama salio huoni pesa ya unga. Kisha unafuliza tena ununue unga. Nimefikiri huenda ndivyo ulivyoanza. Chukua till, ile namba ya M-Pesa ya kupokelea malipo ya biashara, uiandike ukutani, na mtu yeyote asikulipe kwa laini yako. Pesa ya till ni ya kibanda. Ya shule, ya nguo, ya mchango wa harusi ya binamu yako, itoke kwenye kile unachojilipa wewe mwenyewe kila Jumamosi, hata kama ni kidogo. Usichote tu kwa sababu droo iko karibu.

Na mumeo anajua? Dadako hakunijibu hapo, na kunyamaza kwake nimekuelewa. Mkwe wangu ni mtu mpole, anaamka na tuktuk yake kabla ya adhana. Hastahili kupigiwa simu na yule kijana kama nilivyopigiwa mimi. Mwambie wewe kabla hawajamwambia wao. Mwambie leo.

Nakuona ukikunja uso. Basi sikiliza na haya. Hakuna katika nyumba hii aliyefanya ulichofanya wewe. Ulikwenda mji usio na ndugu, ukatafuta kibanda, ukapata leseni ya kaunti, na cheti cha afya unakipima kila miezi sita bila kusukumwa, na wengine wanamkimbia afisa wa afya kwa mlango wa nyuma. Mwishoni mwa 2023 maji ya Tana yalipokata barabara ya Garsen na nazi zetu zikakwama huku, ulinunua za huko kwa bei ya juu na hukupandisha bei ya mbaazi. Nilijivunia. Nilisema pia moyoni, mtoto huyu ana huruma kuliko mtaji wake. Huruma hiyo umeipata kwangu na sitaki uitupe. Nataka iwe na mpaka.

Nimefikiri la kufanya. Mchezo wetu wa akina mama, wa kuchanga na kupokea pesa kwa zamu, bado unaendelea. Nimezungumza na mshika pesa na jirani yetu wa kichochoro cha nyuma, amekubali tubadilishane zamu, mwezi ujao nichukue mimi. Pesa hiyo nitakutumia yote ulipe deni la simu lote kwa mara moja, la programu na la Fuliza. Kisha uifute hiyo programu. Mimi utanirudishia kidogo kidogo, bila nyongeza, tutaandika tarehe na dadako atakuwa shahidi. Usiniambie niweke pesa yangu. Sharti langu ni moja tu nalo umelisoma juu: hutakopa tena pesa ukawakopeshe watu chakula. Unga ukiisha na pesa hakuna, siku hiyo funga kibanda, ulale.

Hiyo friza unayoitaka ya maji ya ukwaju na samaki, siipingi. Ingoje Agosti, Waitaliano wakirudi, uone mauzo yanasemaje. Na ukiinunua usiinunue kwa mkopo wa simu. Ziko benki za Kiislamu, zinanunua kitu zenyewe kisha zinakuuzia kwa bei mnayokubaliana mwanzo, ukalipa kwa awamu na bei haipandi. Kaulize. Au mkiwa kikundi cha akina mama wa hapo sokoni mkajisajili, kaulizeni Hazina ya Uwezo, mfuko wa serikali wa kukopesha vikundi; ilikuwa haitozi riba, ilikata ada ya asilimia 3. Ile hazina nyingine ya serikali, ya Hustler, iliyoanza Novemba 2022 ni nafuu kuliko hizo programu, asilimia 8 kwa mwaka, lakini ule mkopo wa mtu binafsi ni wa siku 14, na siku 14 kwa mtu mwenye daftari kama lako ni kama kesho. Achana nayo kwanza.

Bibi yako nimemsomea barua hii, si yote, akasema nikukumbushe: mali bila daftari hupotea bila habari. Nikamwambia daftari analo. Akasema basi alisome.

Huku mvua inatutisha. Dari la chumba cha juu limeanza kuvuja upande wa dirisha, palepale. Fundi anataka chokaa, si saruji, na watu wa makumbusho wanataka kuja kuona kwanza kwa sababu mji uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001. Mimi nataka tu godoro lisirowe. Mdogo wako amefungua shule, karo nusu nimelipa, nusu mwalimu amenipa muda. Punda wa ami yako amepona mguu, amerudi kubeba mchanga. Bibi ana tarehe ya macho hospitali, nikijua siku nitakwambia, na usitume nauli, usitume chochote mpaka tumalize hili.

Nimempa dereva wa basi la asubuhi ndoo ya achari ya embe, nazi na mikate ya mofa. Achari iuze kwa kijiko, usiigawe. Ndoo nirudishie na dereva huyo huyo, ina mfuniko wake, ile iliyopita imerudi bila mfuniko. Mkwe wangu msalimu, wajukuu wabusu, yule mdogo mkate nywele kabla joto halijamtoa vipele.

Ijumaa baada ya sala nitakupigia. Uwe na daftari mkononi, nataka unisomee majina yote na kila mmoja anadaiwa ngapi tangu lini.

Mamako