Nyumba ya Kiswahili isipitwe mbio

Mhariri,

Familia zinazozuru Lamu kwa siku moja mara nyingi huanzia Ngomeni saa sita mchana. Jua huwamaliza watoto, na wakifika makumbusho ya Nyumba ya Kiswahili hawana hamu tena. Hasara kubwa! Anzeni na nyumba hiyo asubuhi. Ngome, iliyokamilika 1821, itangoja.

Ketini kwanza kwenye daka, kibaraza cha mlangoni, palipopokelewa mgeni asiyehitaji kuingia. Kisha kiwanda (ua wa nyumba), misana (kumbi ndefu zinazofuatana), hadi ndani, chumba cha nyuma zaidi. Watoto wapime upana wa chumba kwa hatua: ni chembamba kwa kuwa boriti za mkoko hazibebi dari nzito ya mawe na chokaa zaidi ya mita 3 hivi. Chooni watafute birika la kuhifadhia maji. Humo walifugwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Zidaka, vile vishubaka vya ukutani, zitazamwe tu, lipu ya chokaa humeguka ikishikwashikwa. Mkizidi watu 8, gawanyikeni.

Nao wasimamizi twawaomba: mbuzi ya kukunia nazi na kifumbu cha kuchujia tui visiwe pambo la jikoni. Nazi 2 zatosha, watoto wakune na kukamua tui wenyewe.

Wakaazi wa Mkomani,
Lamu